Mwaloni wa Spånga

Asubuhi ile nilitoka Rinkeby, mtaa wa wahamiaji katika nchi ya Waswidi, bila kujua ninakwenda wapi. Mkenya aliyekuwa akinilaza sebuleni kwake alikuwa amepata habari kwamba mke wake amekubaliwa kuja, na ingawa hakuniambia niondoke, alianza kulitazama kochi kama mtu anayepanga pa kuliweka. Nilikunja blanketi lake, nikafunga begi langu, nikamshukuru, nikatoka. Ulikuwa mwezi wa kumi, ukungu umeshuka mpaka kwenye taa za barabarani. Pale uwanjani wenye maduka walikuwa wanashusha maboksi ya ndizi za kupika. Nilinunua mkate, nikafuata njia ya kwanza niliyoiona mbele yangu.

Ndivyo nilivyoishi tangu utoto. Niliacha shule huko Ujiji nikiwa darasa la sita. Haukuwa umaskini peke yake. Niliona tu kwamba mwalimu anajibu maswali ambayo mimi sikumuuliza, na yale niliyomuuliza ananichapia. Tangu hapo nimepasua mbao, nimebeba mizigo bandarini, nimeosha vyombo katika nchi nisizoweza kutamka majina ya vyakula vyao. Kila nilipofika niliuliza mambo mawili: kazi iko wapi, na mti huu unaitwaje. Swali la pili limenipatia marafiki wengi kuliko la kwanza.

Njia ile ilinitoa kwenye maghorofa ikaniingiza upande wa Spånga, penye nyumba za mbao na bustani zake. Kabla ya kufika kituo cha treni, juu ya kilima kidogo cha nyasi, palikuwa na mti mmoja mkubwa. Watu watatu wakishikana mikono wasingeweza kulizunguka shina lake. Chini yake mwanamke mzee, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi, alikuwa ameinama anaokota kitu na kukitia kwenye mfuko wa plastiki huku akinung'unika kwa Kirundi. Kirundi nakisikia, maana Kiha cha majirani zetu kule nyumbani ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Akainuka kwa shida, akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Marahaba. Yoo! Shikamoo ya wapi hiyo?"

"Ya Ujiji."

"Ujiji! Nami nilidhani watu wa Ujiji hawawezi kuishi mahali pasipo na dagaa."

"Hatuwezi, Bibi. Tunakufa polepole."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akafungua mfuko kunionyesha: kokwa za kahawia zinazong'aa, kila moja na kofia yake kichwani. "Hizi zinaliwa?"

"Sijui. Umezionja?"

"Nimeonja moja. Chungu kama kwinini."

"Sasa unaziokotea nini?"

"Wewe unaweza kuona chakula kimelala chini ukakipita?"

Mama mmoja Mswidi alikuwa anapita na mbwa wake. Nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza mti huu unaitwaje. "Ek," akajibu, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jina la jua. Lakini alikuwa mpole, na alikuwa na muda. Akatueleza kwamba kokwa zile zamani walilishwa nguruwe, na kwamba miti hiyo yote ilikuwa mali ya mfalme. Mkulima hakuruhusiwa kuukata mti huo hata ukiwa umeota katikati ya shamba lake, kwa hiyo wakulima waliuchukia, wakawa wanaing'oa miche yake kwa siri ikiwa bado midogo kama mchicha.

Nilipomtafsiria Bibi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata kwetu miti ya makaburi ya wafalme haikuguswa na shoka." Akalijaribu lile jina mdomoni. "Ek. Ek. Mti mkubwa hivi, jina kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki."

Alinichukua nyumbani ninywe chai. Aliishi na binti yake karibu na kituo, ghorofa ya pili, pamoja na wajukuu wawili wa kike waliokuwa wakimjibu Kiswidi kila alipowasemesha Kirundi. Binti alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Aliporudi jioni akanikuta nafunga bawaba ya kabati la jikoni, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akacheka. "Mama ameokota nini tena leo?" Nikapewa kochi kwa usiku mmoja. Usiku mmoja ukawa majira yote ya baridi.

Nilipata kibarua cha kugawa matangazo ya maduka kutoka mlango hadi mlango. Katika ngazi za majengo huwa kuna ubao wenye majina ya wapangaji, na nilikuwa nikiyasoma yote, kwa tabia tu. Ndipo nilipogundua jinsi watu hawa walivyojivika jina la mti ule. Kuna ukoo unaoitwa kichaka cha ek, mwingine mkondo wa ek, mwingine mlima wa ek, na wengine wameridhika na ek tupu. Siku Bibi alipopelekwa kupimwa presha, muuguzi alimsifu kwamba ana nguvu kama ek. Bibi aliporudi alitaka kujua: "Amenisifu au amenitukana? Ananifananisha na kitu kikuukuu chenye magamba?"

Siku moja nilipita maktaba kujipasha moto, nikakuta kamusi, nikatafuta jina la mti wetu kwa Kiswahili. Kamusi ilisema: mwaloni. Kwetu mwaloni ni pale mitumbwi inapotua na dagaa; kama jina la mti sikuwahi kulisikia neno hilo. Mimi nimekulia madrasa, tena Ujiji ambako miti inajulikana kwa kazi zake: mninga wa vitanda, mvule wa milango, mkuyu wa kivuli. Mwaloni haukuwa na kazi. Hakuna niliyemjua aliyewahi kulala juu ya kitanda cha mwaloni. Nikarudi nalo nyumbani kama mtu anavyorudi na habari ya hali ya hewa.

Bibi alikuwa anamenya viazi. "Rudia," akasema.

"Mwaloni."

Akaweka kisu chini. "Mwaloni wenyewe? Ule wa kanisani?"

Na hapo nikajua kwamba neno nililolikuta mimi siku ile, yeye alikuwa nalo miaka mingi. Katika kambi ya wakimbizi huko Kasulu ibada zilikuwa za Kiswahili, chini ya hema la plastiki, na neno hilo lilisomwa mara kwa mara: wageni wa mbinguni waliokaribishwa kwenye mialoni, maagano yaliyowekwa chini ya mwaloni, wafu waliozikwa hapo wakaliliwa hapo. Hakuna aliyewahi kuuona. Alipomuuliza mchungaji ni mti gani, mchungaji alifikiri kidogo, akamwambia, "Wewe fikiria mvule." Basi miaka yote ile Bibi alikuwa akifikiria mvule.

"Nilidhani imekwisha," akasema. "Nilidhani iliondoka pamoja na manabii. Kumbe ipo hapa karibu na treni, mbwa wanaikojolea! Na mimi nimeweka kokwa zake kwenye friji!"

Tulicheka, na wajukuu wakaja kuuliza tunacheka nini. Lakini kesho yake hakunisubiri. Alivaa koti, akaenda peke yake, akakaa kule muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa imekufa ganzi, na jioni hiyo, mezani, akasema neno ambalo binti yake alikuwa amelihofia maisha yake yote.

"Nimepata mti. Nataka niondoe kilio cha baba yako."

Lazima nieleze, maana hata mimi nilielezwa. Vita vilipowakuta walikimbia usiku na watu wa kilima chao, yaani kijiji chao, kuelekea mpaka wa Tanzania. Karibu na mto mume wake aligeuka nyuma kumfuata mama yake aliyekuwa hawezi kutembea. Akamwambia binti, aliyekuwa mtoto bado, "Nakuja." Hakuonekana tena, wala yeye wala yule mama mzee. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeona mwili.

Kwao, siku ya kuondoa kilio watu hukusanyika, hunywa pombe ya mtama, mjane hunyolewa nywele, na kesho yake anaruhusiwa kushika jembe. Mpaka siku hiyo yeye si mke na si mjane. Na kilio hakiondolewi hewani. Huondolewa pale marehemu alipolala, na kama mwili haukupatikana, chini ya mti wa nyumba yake, umuvumu ule unaopandwa kwenye lango siku mji unapoanzishwa, kwa kuwa mti huo unamjua. Lakini binamu yake Bibi huko nyumbani alikuwa amempigia simu mwaka mmoja nyuma: kiwanja chao kina mwenyewe mwingine sasa, na umuvumu ulikatwa ukachomwa mkaa. Tangu siku hiyo Bibi hakuwa na mahali pa kumlilia mume wake katika dunia nzima.

"Mwaloni haumjui baba," binti akasema. "Mti wa Waswidi!"

"Unamjua Mungu. Watu walizikwa chini yake tangu zamani. Mti wa mfalme, haukatwi. Mimi nataka nini zaidi?"

"Mama, baba alisema anakuja. Hakusema kwaheri."

"Naye angesema kwaheri na wewe unalia vile?"

Binti akasukuma sahani yake. Mimi nilijifanya nasoma maandishi kwenye boksi la maziwa. Nilikuwa nimeshamwona dada yule kanisani kwao, siku walipoomba nikawasaidie kubeba viti: kila Mrundi mgeni aliyeingia, yeye alikuwa wa kwanza kumfikia, akamuuliza wa kilima gani, akamtajia umbo la baba yake, kovu lake la mguu, namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema. Alifanya hivyo kwa tabasamu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Ukinyolewa," akamwambia mama yake, polepole sasa, "umemzika. Ni wewe utakayekuwa umemzika."

Hawakusemezana siku kadhaa. Mwishowe binti alitoa rai, nadhani kwa kutafuta muda tu. Akasema haiwezekani kumlilia mtu chini ya kuni tupu kwenye theluji. Wangoje mti uwe na majani. Majani yakitoka, yeye mwenyewe atapika.

"Majani yakitoka tu," Bibi akasema, "hakuna neno lingine?"

"Hakuna neno lingine."

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu. Nilikuwa nikipita kwenye mti ule na mfuko wangu wa matangazo, umesimama kijivu, majani makavu machache ya mwaka uliopita yamekataa kuanguka, yanachakarika kama karatasi. Bibi aliandaa mambo yake bila haraka. Alipata mtama katika duka la Rinkeby. Aliwaambia wanawake wawili wa kanisani wakae tayari.

Mwezi wa tano ulipoingia, nchi nzima ikawa kijani katika siku chache. Sijapata kuzoea jambo hilo. Miti ile yenye magome meupe ilikuwa ya kwanza, ikafuatwa na ya matunda, na vichaka vya uani, hata nyasi za kando ya reli. Asubuhi ya Jumapili tukaenda sote watatu, Bibi amefunga kilemba kipya.

Mwaloni ulikuwa mtupu. Katikati ya kijani chote kile umesimama vilevile kama mwezi wa kwanza, na yale majani yake makavu. Bibi akauzunguka. Akakwaruza gome kwa ukucha. Akavunja kijiti cha chini, kikalia kak.

"Umekufa," akasema.

Nami niliyepasua mbao nilitazama juu nikaona vilevile. Kwetu mvua zikinyesha na mti usichipue wakati wenzake wamechipua, jina lake ni kuni. Sote watatu tulitoka nchi ambako mti hauna sababu ya kungoja.

Binti aliketi kwenye nyasi, mkono mdomoni. Sikuona ushindi usoni mwake. Aliogopa, kama mtu aliyebisha hodi kwa mzaha, mlango ukafunguliwa. "Mama," akasema, "umekataa. Mti umekataa. Baba yuko hai."

Na Bibi, ambaye miaka yote alikuwa na hakika ya kifo cha mumewe, aliamini.

Hilo ndilo jambo la majonzi ninalolikumbuka zaidi, kuliko kilio chenyewe kilichokuja baadaye. Alianza kufurahi. Alikwenda Vällingby madukani akanunua soksi nzito za kiume, mume wake akija baridi isimkute. Aliniuliza Waswidi wanataka karatasi gani kwa mtu anayemleta mumewe, na mwanamume aliyepita umri wa kufanya kazi je, anapewa shule ya lugha? Simu ikilia alijipangusa mikono kwanza. Jioni akipakua maharage alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa nyingine, na asubuhi akaila mwenyewe bila kulalamika. Wajukuu walimuuliza mama yao kwa Kiswidi ni nani anayekuja. Mama yao akawaambia wamalize kula.

"Kaka," binti aliniambia jikoni, "mama anaweka sahani."

"Nimeona."

"Mimi nilitaka mlango usifungwe tu. Sikutaka mtu akae mlangoni."

Siku moja mwishoni mwa mwezi, nikimaliza kazi, nilipita kilimani. Nilisimama. Kila ncha ya tawi ilikuwa na majani, madogo, laini, rangi kati ya shaba na kijani, yamekunjamana kama masikio ya mbwa mchanga. Yule mama mwenye mbwa alinikuta nimeinua kichwa. Nikamwambia tulidhani umekufa. Hakunicheka. "Huu huwa wa mwisho daima," akasema. "Hauamini mapema." Akaendelea na safari yake.

Nilimwambia binti peke yake. Alikuwa amesimama mbele ya sinki. Akasema, "Usimwambie." Kisha, "Hapana, mwambie." Kisha akafungua maji kwa nguvu akasema, "Niache, kaka," nami nikamwacha.

Jumamosi aliamka kabla yetu. Alivaa sare yake ya kazi ingawa hakuwa na zamu, akachukua mkoba wake wa kazi, akamwambia mama yake, "Twende tukatembee." Akaniita na mimi. Njiani aliushika mkono wa mama yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Bibi alikuwa akizungumza habari za maharage.

Tulipofika kilimani akanyamaza. Aliutazama mti kutoka chini mpaka juu, na kutoka juu mpaka chini. Upepo ulipita na majani yote yakajigeuza.

"Kumbe ulikuwa umelala," akauambia mti.



"Nilimnunulia soksi," akasema tena, sauti ndogo, akitutazama kama tungeweza kufanya jambo. Tukamketisha kwenye mzizi.

Binti alifungua mkoba, akatoa mkasi, ule anaowakatia nywele wazee wake. Mikono yake ilikuwa imetulia. Ilikuwa mikono ya kazi. "Mama," akasema, "vua kilemba."

Bibi alivua. Sikuwahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyingi, nyeupe kabisa, zimesukwa mistari. Binti alikata msuko mmoja baada ya mwingine, akiiweka kwenye nyasi mbele ya mama yake. Mwanamume aliyekuwa anakimbia mazoezi alipunguza mwendo, akatutazama, akaendelea. Binti alipofika nusu ya kichwa akauweka mkasi chini. Akaupeleka uso wake kwenye kisogo cha mama yake, akamwita baba yake kwa Kirundi, na mimi niliyasikia maneno yote:

"Data, nenda. Nenda tu. Hatukungoji tena."

Ndipo Bibi alipolia. Alilia kama watu wanavyolia kwetu, kwa sauti, kwa kumwita mtu majina yake na ya baba zake, na kumlaumu kwa kugeuka nyuma, na kumsifu kwa kugeuka nyuma. Hapakuwa na pombe ya mtama wala wanawake wa kanisani. Mimi nilikaa pembeni kama jirani. Ilipokwisha, binti akamalizia upande uliobaki, akapangusa shingo ya mama yake kwa kitambaa. Kichwa kilikuwa kidogo sana.

"Sasa mimi ni mjane," Bibi akasema. Alilisema kama mtu aliyepewa jina lake mwenyewe.

Kwetu wote, Ujiji na kwa Warundi, waliolala matanga huondoka kilio kikishaondolewa. Ni adabu. Wakibaki, wanakuwa wageni wa kawaida, na nyumba yenye msiba mpya haihitaji wageni. Kesho yake asubuhi nikafunga begi langu. Nilikuwa nimelala matanga majira yote ya baridi na hakuna aliyekuwa ameyaita hivyo.

Bibi alinisindikiza mpaka mlangoni, kilemba kimemlegea kichwani. "Mtu wa Ujiji," akasema, "unakwenda wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Nilijua utasema hivyo. Haya. Kula mahali."

Binti alinipa mkono, akaushika muda mrefu, halafu akarudi ndani kwa watoto.

Nilitembea mpaka Vällingby. Dukani kwa Mganda mmoja niliuliza kama kuna chumba, akanielekeza kwa mzee wa kwao aliyeishi mwenyewe, Mwislamu, mtu aliyeikimbia serikali ya kwao zamani. Nilipanda ngazi, nikabisha. Alifungua akiwa na kanzu na miwani juu ya paji la uso. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha jeshini.

"Chumba kipo. Unatoka wapi?"

"Msibani."

Akashusha miwani. "Pole sana, kijana. Nani amekufa?"

"Mzee mmoja."

"Ndugu yako?"

"Hapana. Sikumwona hata siku moja."

"Lini?"

"Zamani sana. Tumemaliza jana."

Alisogea kando nipite, akanionyesha kitanda, chembamba, kimetandikwa shuka safi, akaniambia choo kiko wapi na kibla iko upande gani. Kisha akaenda kuchemsha maji.